Kocha aliyechungulia chini ya maji

Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Mkongomani Stany Kempompo Ngangola aliogelea mita 50 za mtindo huru kwa sekunde 35.19. Bingwa wa mbio hizo, César Cielo wa Brazili, alitumia 21.30. Kwenye michezo hiyohiyo Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea mchujo wa mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14. Hiyo ilikuwa rekodi ya Olimpiki, ingawa ilivunjwa siku hiyohiyo, na kwenye fainali akashika nafasi ya tano.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo husemwa kwamba watu wa milimani hawakuumbiwa maji. Basi Nairobi nayo ni mlimani: mwinuko wake na wa Butembo haupishani sana. Kilichowatenganisha waogeleaji hao wawili ni mahali pa kuogelea kila siku na jicho la mtu anayewatazama. Dunford wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, chini ya kocha Skip Kenney. Habari ya bwawa wazazi wa Beni na Mabalako wanaiuliza kila mara, na wana haki. Mimi leo nataka kuzungumzia lile jicho.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800. Ukiongeza kasi yako maradufu, yanakupinga kwa nguvu mara nne, na kazi unayoifanya kila sekunde inapanda mara nane. Kwa hiyo kijana mwenye misuli anayejilazimisha anachoka mapema bila kufika mbali, huku mwembamba aliyenyooka vizuri akimpita. Mtazame anayeinua uso ili aone mbele: kichwa kikipanda, kiuno kinashuka, miguu inazama, na sasa anasukuma maji kwa kifua na mapaja yote. Mtoto aliyejifunzia mtoni huogelea hivyohivyo, na ana sababu nzuri, maana mtoni lazima uone mkondo unakupeleka wapi na gogo linatoka upande gani. Kocha wa mashindano hana budi kumzoesha upya: macho yatazame chini, pumzi itolewe ndani ya maji, kisha mdomo ugeuzwe pembeni kuvuta hewa pamoja na mzunguko wa bega.

Aliyetufundisha kutazama hivyo kwa makini kuliko wengi ni Mmarekani James Counsilman, aliyezoeleka kwa jina la Doc. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1920, akakulia St. Louis. Aliogelea mtindo wa kifua katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akawa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, kisha akarudi darasani na kupata udaktari Iowa. Kuanzia 1957 hadi 1990 alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana, na timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani miaka sita mfululizo, 1968 hadi 1973. Mark Spitz, aliyeondoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na dhahabu saba, alikuwa mwanafunzi wake.

Lakini mimi humpenda zaidi kwa kazi aliyoifanya kabla ya umaarufu, katika chuo cha Cortland, New York. Huko alimpata George Breen, kijana aliyeanza mashindano ya kuogelea akiwa tayari chuoni, umri ambao makocha wengi wangesema amechelewa. Breen alipiga miguu mara mbili tu kwa kila mzunguko wa mikono, wakati kanuni ya siku zile ilikuwa mara sita. Counsilman hakumlazimisha kuifuata. Alimwacha na miguu yake, akamjenga kwingine, na mwaka 1956 kwenye Olimpiki ya Melbourne Breen akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika mchujo. Hili nalisema kwa ajili ya kijana wa Mangina mwenye miaka 17 aliyeambiwa kwamba muda wake umepita.

Counsilman alipiga picha za sinema chini ya maji. Aliwafunga waogeleaji taa vidoleni, akawaogelesha gizani ili mwanga uchore njia ya mkono. Makocha walikuwa wakihubiri kwamba mkono uvutwe moja kwa moja kwenda nyuma; picha zikaonyesha mabingwa wakiupindisha njiani, bila wao wenyewe kujua. Maelezo yake kwamba mkono hufanya kazi kama bawa la ndege yamepunguzwa uzito na wataalamu waliomfuata, ambao wanaona msukumo mwingi unatokana na kiganja na mkono kuyasukuma maji nyuma. Njia yake ya kutazama kwanza na kuamuru baadaye ndiyo iliyobaki.

Upande wa mazoezi, alichukua mafunzo ya vipindi yaliyokuwa yameshika kwa wakimbiaji wa Ujerumani akayaingiza bwawani: mita 100 mara kumi, sekunde 15 za kupumzika kila mara, macho kwenye saa kubwa ukutani. Mapumziko hayo mafupi huupa mwili nafuu kidogo, moyo usitulie kabisa, na mtindo usivurugike kwa uchovu. Mashindano yakikaribia, mazoezi hupunguzwa ili mwili urudishe nguvu. Naona wengi wetu tunakosea hapo, tukidhani kwamba wiki ya mwisho ni ya kujiua.

Mwaka 1979, akiwa na miaka 58, Counsilman aliuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Hakuna aliyekuwa ameuvuka akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Tuseme mwalimu wa michezo wa Kyavinyonge anataka kuanza. Ziwa Edward lina viboko, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maji tulivu yanayojulikana, kina cha kifua, na mtu mzima aliyesimama akitazama tu. Apime mita 25 kwa kamba yenye maboya. Mtoto aogelee, mwalimu aandike namba mbili: sekunde alizotumia na mara alizopiga mikono. Sekunde zikipungua na mikono ikibaki ileile, mtindo unakua. Mikono ikiongezeka bila sekunde kupungua, mtoto anayapiga maji bure, asimamishwe, arudi kwenye kunyoosha mwili na kutoa pumzi. Mita hizo 25 aziogelee mara nane kwa mapumziko ya sekunde 30, na daftari libaki na tarehe, ili mwezi ujao namba za mtoto zilinganishwe na zake mwenyewe.