Kwa Kichwa au kwa Mkia? Hesabu ya Kuegesha Gari Ng'ambo

Sehemu ya mji wa Zanzibar iitwayo Ng'ambo ilipata jina lake kwa kuwa ilikuwa upande wa pili wa maji. Hori la bahari liliitenga na Mji Mkongwe, daraja likaziunganisha, na hadi leo twasema Darajani ingawa hori lenyewe lilikwisha kufukiwa na barabara kupita mahali pake. Vichochoro vya Mwembetanga, Miembeni na Kisimamajongoo vilikuwa vya watu waendao kwa miguu na, baadaye, vya baiskeli. Hakuna aliyevipima kwa kipimo cha gari. Ni Michenzani tu, palipojengwa yale majumba marefu kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ambapo barabara zilichorwa pana tangu mwanzo.

Leo magari yamejaa pande zote, na kila jioni dereva afikaye kwake hukabiliwa na swali moja: aliingize gari kwa kichwa, yaani mbele kwanza, au aliingize kinyumenyume? Wengi huamua kwa kadiri ya haraka waliyo nayo. Hata hivyo swali hili lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika jometri ya skuli ya sekondari.

Mwalimu anayetaka kuanzisha somo hili hahitaji gari. Amwambie mwanafunzi mmoja apitishe baiskeli katika dimbwi la maji, kisha akate kona juu ya sakimu kavu. Zitaonekana alama mbili za magurudumu, na alama ya gurudumu la nyuma daima itakuwa ndani ya ile ya mbele. Gari nalo hufanya vivyo hivyo. Magurudumu yake ya mbele hugeuka, ya nyuma hayageuki. Kwa hiyo gari likikata kona, kitovu cha duara linalopitia kiko juu ya mstari ulionyooka kutoka kwenye mhimili wa nyuma. Mpango wa kuyafanya magurudumu yote manne yazunguke kitovu kimoja ni wa zamani kuliko injini: ulibuniwa na Georg Lankensperger, mwundaji wa magari ya farasi wa Munich, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliupatia hataza huko Uingereza kwa niaba yake.

Tuchukue gari dogo ambalo umbali kati ya mihimili yake miwili ni mita 2.5, na magurudumu ya mbele yamegeuzwa nyuzi 30. Nusu kipenyo cha duara la katikati ya mhimili wa mbele ni 2.5 kugawanywa kwa saini ya nyuzi 30, yaani mita 5. Cha mhimili wa nyuma ni 2.5 kugawanywa kwa tanjenti ya nyuzi 30, yaani mita 4.33. Mwanafunzi ahakikishe kwa kanuni ya Pithagoras, maana nusu vipenyo hivyo viwili pamoja na urefu wa mita 2.5 hufanya pembetatu mraba. Tofauti ni sentimita 67. Mkia wa gari, basi, hukata kona kwa ndani karibu hatua nzima ya mtu.

Sentimita hizo 67 ndizo kiini cha mambo. Dereva anayeingia kwa kichwa katika nafasi iliyo kati ya magari mawili hana budi kupeleka pua yake mbali kwanza, la sivyo ubavu wake wa nyuma utalikwaruza gari la jirani. Anahitaji njia pana ya kupindia, na hiyo ndiyo bidhaa iliyo adimu Ng'ambo. Anayeingia kinyumenyume hutanguliza ule mhimili wenye duara dogo, ukaingia penye nafasi finyu, na pua inayopepea kwa upana hubaki nje barabarani ambako pana nafasi. (Mwenye baiskeli anayepita wakati huo na aihesabu pua hiyo kuwa hatari kwake.)

Baharia wa jahazi hatayashangaa haya. Usukani wa jahazi uko tezi, nao huelekeza chombo kwa kuusogeza mkia wakati omo imetangulia. Gari linaporudi nyuma ndipo linapofanana na jahazi: ncha isiyogeuka imetangulia, ncha yenye usukani inafuata na kurekebisha. Mfano huu usivutwe mbali mno, kwani chombo huteleza ubavu majini na gurudumu halitelezi, lakini unatosha kueleza kwa nini nahodha hafungi gati kama tunavyoegesha wengi wetu.

Hadi hapa tumezungumza juu ya rangi ya gari na bampa lake. Liko jambo zito zaidi. Awe ameingia vipi, dereva atarudi nyuma mara moja tu: ama wakati wa kuingia, ama wakati wa kutoka. Kwa hiyo anachokichagua hasa ni saa ya kurudi nyuma. Anapofika, amekwisha kuipita ile nafasi na kuiona kwa macho yake kwamba ni tupu. Habari alizo nazo zina umri wa sekunde chache, na anarudi mahali ambapo hapana gari linalopita. Anapoondoka baada ya saa nane za usingizi, hajui ni nani amekuja kukaa nyuma ya gari lake, naye anarudi kwenye njia yenye watu.

Katika mitaa ya Ng'ambo anayekaa hapo aghalabu ni mtoto. Tuseme macho ya dereva yako mita 1.2 kutoka ardhini, na ukingo wa chini wa kioo cha nyuma uko mita 2 nyuma ya macho hayo na urefu wa mita 1.0. Mstari wa kuona unateremka sentimita 20 kwa kila mita 2, yaani moja kwa kumi. Mtoto aliyesimama mwenye kimo cha sentimita 80 hataonekana utosi wake mpaka awe mita 4 nyuma ya macho ya dereva. Akichutama kucheza gololi, kimo chake kikawa sentimita 50, lazima awe mita 7. Ikiwa bampa liko mita 2.4 nyuma ya macho, basi yule aliyesimama amefichwa katika mita 1.6 za kwanza, na aliyechutama katika mita 4.6. Gari linalorudi polepole kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa huimaliza mita 1.6 kwa sekunde moja na kidogo tu, muda ambao mguu wa mtu mzima haujaifikia breki.

Ni kwa sababu ya vifo vya namna hiyo, vingi vya watoto nyumbani kwao, ndipo Marekani ilipotunga sheria mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa huko lazima liwe na kamera ya nyuma. Magari mengi yanayotufikia Unguja ni yaliyokwisha kutumika Japani, na baadhi yake yana kamera hizo; ni kweli pia kwamba kioo chake huandika Kijapani na gari humsemesha dereva wa Mlandege maneno asiyoyaelewa. Kamera hupunguza eneo lililofichika nyuma. Haioni baiskeli inayokuja kwa kasi kutoka ubavuni, nyuma ya gari la jirani.

Kwa daladala hoja hii huzidi nguvu. Katika zile daladala za mbao, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa ndizo usafiri wa Unguja, dereva hukaa karibu kabisa na ncha ya mbele, hali abiria huingilia mlango wa nyuma. Anapotoka kwa kichwa, macho yake hufika barabarani karibu sawa na bampa lake. Anapotoka kinyumenyume, gari karibu lote huwa limekwisha kuingia barabarani kabla yeye hajaona chochote, na anayemwona mwenzake ni utingo tu, anayegonga bodi kwa kiganja.

Upande wa pili una hoja zake. Anayetoka sokoni Darajani na gunia la mchele anataka buti lielekee njia, si ukuta. Kubwa zaidi ni moshi. Nyumba zetu zina baraza mbele, na dirisha liko hatua mbili tu kutoka njiani. Gari lililoingia kinyumenyume huelekeza ekzosi yake barazani walipokaa wazee. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Injini iliyopoa huitoa kwa wingi zaidi, yaani asubuhi hasa. Kwa maoni yangu hili halitoshi kumrudisha dereva kwenye kuingia kwa kichwa, kwa kuwa moshi una dawa: azime injini mara tu anapofika, na asubuhi aiwashe akiwa tayari kuondoka, si kuiacha ikinguruma huku yeye akimalizia chai. Penye dirisha la mgonjwa au la mtoto mchanga, hesabu hubadilika, na jirani mwema huegesha kwingine.

Walimu wenye gari skulini wanaweza kuwapimisha wanafunzi eneo lililofichika. Mwalimu akae kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa na ufunguo umetolewa, na mwanafunzi aisogeze ndoo nyuma ya gari mpaka mwalimu aseme ameuona ukingo wake. Katika gari la mfano wetu, ndoo ya sentimita 30 itaonekana mita 9 nyuma ya macho. Kwa gari lenye gurudumu la akiba mlangoni, darasa litahitaji uwanja mrefu zaidi.