Simu ya kazi: uchukue ya kupangusa au ya batani? Soma hii kabla hujatoa hela

Umesimama kwenye duka la simu Kariakoo. Muuzaji anakuwekea simu mbili juu ya kaunta. Moja ni ya kupangusa, mbele kioo kitupu. Nyingine ni BlackBerry iliyotumika, ina batani za herufi zote na bado inang'aa. "Hii ndiyo simu ya kazi, bosi wangu," anakwambia. "Wakubwa wote walikuwa nayo." Na bei yake ni rahisi.

Unachukua ipi?

Usiharakishe kujibu. Hiyo ya bei rahisi inaweza ikashindwa hata kupiga simu ukifika nyumbani. Sababu tutaiona hapa chini. Kwanza tuelewe tofauti yenyewe.

Batani zilipendwa kwa nini?

Kampuni ya RIM ya Canada ilitoa kifaa chake cha kwanza chenye jina la BlackBerry mwaka 1999. Kazi yake kubwa ilikuwa barua pepe. Watu wa ofisini walikipenda kwa sababu moja: kila herufi ilikuwa na batani yake, na vidole gumba viwili vilitosha kuandika barua nzima. Nokia nayo ikaja na E71 mwaka 2008, kwa wateja haohao.

Mwaka 2007 Apple ikatoa iPhone. Hoja ya Steve Jobs ilikuwa kwamba batani zinakaa palepale muda wote, hata pale usipozihitaji. Kioo kinabadilika: sasa hivi ni kibodi, baadaye ni ramani, baadaye ni video. Hoja hiyo ilishinda. Mwaka uliofuata BlackBerry wenyewe wakatoa Storm, simu isiyo na batani za herufi kabisa.

Kioo na batani vinafanyaje kazi?

Kioo cha simu za siku hizi kinahisi umeme mdogo sana. Kidole chako kinapitisha umeme, kwa hiyo ukigusa, simu inapiga hesabu na kujua umegusa wapi. Ndiyo maana ukiwa na mikono yenye maji, au umevaa glovu za kawaida, kioo kinaanza kuchanganyikiwa. Muuza samaki wa Feri anaijua shida hii vizuri.

Batani ni swichi tu. Ukibonyeza, inashika. Haijali kama kidole kimelowa. Tena unaisikia kwa kidole, kwa hiyo unaweza kuandika bila kukodolea macho simu. Ubaya wake ni kwamba vumbi na maji vinaingia pembeni, na batani zinachakaa. Mtu anayeandika sana ataona herufi zinaanza kufutika.

Kuandika: nani anashinda?

Inategemea unaandika nini.

*Maneno mengi.* Kama kazi yako ni kujibu barua pepe ndefu na kuandika ripoti njiani, batani zinasaidia. Makosa yanapungua kwa sababu kidole kinajua kimegusa wapi. Kwenye kioo, mtu anaandika haraka kwa kutegemea simu imsahihishie. Hapo ndipo Kiswahili kinapoumia. Kama kibodi imewekwa kwa Kiingereza, unaandika "hata" linatoka neno jingine kabisa, na mteja anapokea ujumbe usioeleweka. Dawa ipo: kibodi ya Google ina Kiswahili. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza lugha, basi. Unaweza pia kuongea na simu ikaandika. Google ilianza kusikia Kiswahili mwaka 2017.

*Namba.* Hapa wengi wanadanganyika. Kwenye simu za aina ya BlackBerry, namba hazina batani zake. Zimebanana na herufi, na ukiwa unaandika ujumbe lazima ubonyeze batani nyingine kwanza ili namba itoke. Kama kazi yako ni kuandika bei na namba za simu kutwa nzima, batani hizo hazikuongezei kasi.

Simu yenye batani bora za namba ni kitochi, ile wanayoiita Kenya mulika mwizi. Batani zake ni kubwa, na pale kwenye 5 kuna kialama kidogo unachokihisi kwa kidole, kwa hiyo hata gizani unajua uko wapi. Kutuma pesa haihitaji bando wala programu: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya. Ila kwa simu yoyote ile, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Tarakimu moja ikikosewa, hela inaenda kwa mtu mwingine.

*Picha na hati.* Kioo kinashinda moja kwa moja. Mteja akikutumia picha ya mzigo, ankara au ramani, unahitaji nafasi ya kuona. BlackBerry KEY2 ya mwaka 2018 ina kioo cha inchi 4.5 tu, kwa sababu chini pamekaliwa na batani.

Sasa ile BlackBerry ya kaunta

Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ya BlackBerry ilizima huduma zilizokuwa zikiendesha simu zake za zamani, yaani zile za mfumo wa BlackBerry 10 na za kabla yake zenye mfumo wa 7.1 kurudi nyuma. Ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo intaneti, kupiga simu na hata SMS havina uhakika tena kwenye simu hizo. Yaani simu ni nzima, chaji inakaa, ila unaweza kushindwa kumpigia mtu.

BlackBerry za Android hazikuguswa na uamuzi huo. Hizo ni kama Priv ya 2015, KEYone ya 2017 na KEY2. Lakini nazo zina umri. KEY2 ilitoka na Android 8.1, na TCL waliokuwa wakizitengeneza waliacha kuziuza Agosti 2020. Programu za benki huwa zinaacha mifumo ya zamani, na simu isiyopata maboresho ya usalama si mahali pa kuweka hela za biashara.

Kwa hiyo kabla ya kulipa fanya hivi:

1. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", uone ni Android namba ngapi. Kama si Android, achana nayo.
2. Weka laini yako mwenyewe, piga simu na utume SMS palepale dukani.
3. Jaribu kupakua programu ya benki yako. Ikikataa, umepata jibu.

Bado unataka batani?

Zipo mpya, ila chache. Unihertz ya China inatengeneza simu za Android zenye batani, jina lake Titan. Kuna pia Clicks, kava lenye batani linalovalishwa iPhone, lilianza kuuzwa mwaka 2024. Kabla ya kuagiza, uliza kwanza fundi wako kama anaweza kupata vipuri. Kioo cha simu inayouzwa sana unakipata mtaani. Cha simu adimu unaweza kukisubiri wiki nyingi, na kazi inasimama.

Kwa kifupi

- Unaandika barua ndefu kila siku: batani, lakini simu mpya yenye Android ya karibuni.
- Unapokea picha, hati na malipo kwa programu: ya kupangusa.
- Unatuma na kupokea pesa kutwa, mikono haikauki: kitochi cha miamala, na simu ya kupangusa kwa mengine. Wafanyabiashara wengi wanatembea na mbili, na si kwa ushamba.

Ukiwa bado una mashaka, fanya jaribio dogo palepale dukani. Toka nje juani. Shika simu kwa mkono mmoja. Andika ujumbe unaomtumia mteja kila siku, halafu namba ya simu yenye tarakimu 10. Ile uliyoandika bila kukosea ndiyo simu yako ya kazi.