Ukiulizwa Jina Mara ya Tatu, Jibu

Ndugu msikilizaji, wagonjwa wengi waliowahi kufanyiwa operesheni hunung'unikia jambo moja: "Niliulizwa jina mlangoni, nikaulizwa tena kitandani, kana kwamba watu hawa hawajui wanamtibu nani!" Leo nataka kuwatetea waulizaji hao, kwani kuuliza si ujinga. Nachukua mfano wa operesheni ya kuondoa mfuko wa nyongo, ambayo mara nyingi hufanywa kwa sababu ya vijiwe.

Mfuko huo umejibanza chini ya ini, upande wa kulia. Siku hizi, penye vifaa, daktari hutoboa matundu madogo tu, hulijaza tumbo gesi ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Wakati huo mgonjwa yumo katika usingizi mzito. Hawezi kusema, "Mimi siye." Anayemsemea ni muuguzi.

Kazi ya muuguzi huyo ina utaratibu. Kabla ya nusukaputi huhakikisha jina, aina ya operesheni, ridhaa iliyotiwa saini, dawa zinazomdhuru mgonjwa na saa aliyokula mara ya mwisho. Kitanda kitainuliwa upande wa kichwani na kulazwa kidogo kushoto, ili matumbo yateremke na kuuacha wazi mfuko wa nyongo. Kwa hiyo mgonjwa hufungwa mkanda asiteleze, na huwekewa mito midogo ili mishipa ya fahamu isibanwe.

Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote hutulia na kutamka kwa sauti: huyu ni nani, tunamfanyia nini. Kabla mgonjwa hajatoka, muuguzi hutangaza hesabu ya sindano, vyombo na gozi, yaani vitambaa vya kufyonzea damu. Gozi moja iliyosahaulika tumboni huweza kuleta usaha, hata kifo.

Haya yamepimwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika hatua hizo tatu. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, zikiwemo za London, Toronto na Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Na orodha yenyewe ni karatasi moja tu!

Basi wewe utakayelazwa kesho, ukiulizwa, jibu. Usifiche uji ulioonjeshwa alfajiri, maana ukiwa usingizini waweza kupanda kooni na kuingia mapafuni. Taja dawa zote unazotumia, na za mitishamba pia.

Nanyi wakuu wa hospitali, muuguzi akisema, "Ngojeni, gozi moja haionekani," msimkemee kwamba anachelewesha kazi. Mwacheni ahesabu upya, hata kama daktari ni bingwa na ana haraka.