Kiondo na Mtoto Mchanga: Kazi ya Mikono Isimwumize Mzazi



Katika sehemu za Machakos, Makueni na Kitui, msichana hufundishwa kusuka kiondo na mama yake au nyanya yake. Ni kazi inayomfaa sana mama wa nyumbani. Haitaki mashine wala duka. Mama anaweza kusuka akienda sokoni, akichunga mbuzi, ama akingoja muthokoi uive.

Kwa sababu hiyo utasikia watu wakisema: "Akishajifungua si atakaa tu nyumbani? Basi huo ndio wakati wa kusuka viondo vingi." Maneno haya yanaonekana kuwa ya busara. Lakini tuyachunguze vizuri, kwa maana yamewaletea shida kina mama wengi na vikundi vingi.

KIONDO KINATENGENEZWAJE?

Zamani nyuzi za kiondo zilitoka katika maganda ya mbuyu na vichaka vya porini. Mkonge ni mgeni. Asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanganyika mwaka 1893, kisha ukaenea Kenya. Siku hizi viondo vingi ni vya mkonge, na kazi yake ina hatua hizi:

1. Kukata majani na kuyakwangua mpaka nyuzi zibaki.
2. Kuosha nyuzi na kuzianika.
3. Kuchemsha rangi na kutia nyuzi ndani.
4. Kusokota nyuzi juu ya paja.
5. Kusuka, kuanzia kitako na kuzunguka mpaka mdomoni.
6. Kupunguza nyuzi zilizojitokeza na kushona mikanda ya ngozi.

Mwaona basi: kukaa kitako na kusuka ni hatua moja tu kati ya sita. Anayesema mzazi "anakaa tu" amesahau hizo nyingine tano, na amemsahau mtoto pia.

HATUA GANI MZAZI AZIACHE?

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Katika miezi 6 ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, bila uji wala maji. Kwa hivyo mikono ya mama na kifua chake ndivyo jikoni kwa mtoto. Lazima viwe safi.

Kukwangua majani aache. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi. Mama aliye na utomvu mikononi akimshika mtoto, atamwasha usoni na machoni.

Kuchemsha rangi aache pia. Hapo pana moshi, maji ya moto na sufuria nzito ya kuinua. Rangi za dukani zina dawa kali, na mtoto mchanga asiwe karibu na mvuke wake. Mzazi aliyefanyiwa upasuaji ndiye hasa asiinue mizigo, kwa sababu kidonda chake hakijafunga.

Kusokota na kusuka anaweza, akiwa na nguvu na akipenda mwenyewe. Lakini wiki za kwanza ni za kulala mtoto anapolala, si za kuchukua kazi mtoto anapolala. Hapa wengi hukosea. Mama ambaye hakulala usiku akisuka mchana kutwa, atachoka, na mwili uliochoka hupona polepole.

Akianza, afanye hivi:

- Asuke kidogo kidogo, kati ya kunyonyesha na kunyonyesha. Mtoto akilia, kiondo kiwekwe chini.
- Asikae mahali pamoja kwa muda mrefu. Ainuke, atembee uani, anywe maji. Baada ya kujifungua damu huweza kuganda miguuni.
- Aegemee ukuta au kiti chenye mgongo.
- Anawe mikono kwa sabuni na abadilishe leso kabla ya kumshika mtoto. Leso ya kazi isiwe ndiyo ya kumfunika mtoto.
- Nyuzi, sindano, makasi na shanga viwekwe juu, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Mtoto wa miezi michache hutia kila kitu mdomoni, na uzi mrefu huweza kumzunguka shingoni.

TUPIGE HESABU

Mara nyingi haraka huletwa na dalali. Anakuja na oda, anataka viondo mwisho wa mwezi, na bei ni yake. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu. Wekeni zenu za sokoni kwenu.

Tuseme mkonge na rangi ni shilingi 300, mikanda ya ngozi 250, na nauli 50. Jumla ni 600. Kiondo kikiuzwa 1,200, zinabaki 600. Kama mama alitumia saa 40, amepata shilingi 15 kwa saa. Sasa dalali akitoa 900 tu, zinabaki 300. Hiyo ni shilingi 7 na nusu kwa saa.

Je, kwa shilingi 7 na nusu, mama aache kulala? Mtoto acheleweshwe kunyonya? Na mmoja wao akiugua, nauli ya kwenda hospitali pekee inaweza kumaliza faida ya kiondo kizima.

Lakini tusiseme kwamba pesa si kitu. Nyumba yenye mtoto mchanga inataka sabuni, mafuta ya taa au kuni, na chakula bora cha mama. Kama hakuna mwingine anayeleta, mama atasuka hata akiwa mgonjwa. Kwa hivyo jambo hili haliwezi kuachiwa yeye peke yake. Ni la bwanake na ni la kikundi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Katika vikundi ninavyotembelea, katiba nyingi zina faini ya kuchelewa, faini ya kukosa mkutano na faini ya kukosa kuleta kazi. Chache zinamtaja mzazi. Matokeo yake, mama anajifungua leo, na kabla ya mwezi kwisha ana deni la faini. Wengine huacha kikundi kwa sababu ya aibu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tusiuone mwepesi kwa kuwa hauko kichwani mwetu.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba. Basi wekeni humo kipengele cha mzazi, kwa mfano:

1. Mwanachama aliyejifungua hatozwi faini kwa miezi mitatu.
2. Zamu yake katika mchango wa kupokezana inaweza kusogezwa mbele, apate fungu lake mwezi wa kujifungua.
3. Wenzake watamkwangulia na kumtilia rangi mkonge. Yeye atasuka kadiri awezavyo, naye atawarudishia kazi hiyo akipata nguvu.
4. Oda igawanywe kwa kuangalia nguvu za kila mtu. Mwenyekiti aitaje siku ya kumaliza kwa dalali baada ya kuuliza wanachama, si kabla.

Mama mwenyewe naye ajiandae. Kuanzia mwezi wa sita wa mimba, awe anasokota na kuweka akiba ya nyuzi, ili baadaye abaki na kusuka tu.

WAKATI WA KUACHA KILA KITU

Mzazi akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, kichwa kikali, degedege, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, aende hospitali mara moja. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akipata degedege, akiwa wa moto au baridi kupita kiasi, ama kitovu kikitoa usaha, apelekwe mara moja. Na hata wote wakiwa wazima, wasikose kliniki ya wiki 6, ambapo mama hupimwa na mtoto huchanjwa. Siku hiyo si ya kupeleka viondo sokoni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mwanachama wetu wa mwisho kujifungua, tulimsaidia au tulimdai?
2. Kiondo kimoja chetu kinaleta shilingi ngapi kwa saa?
3. Kina baba wanaweza kuchukua hatua gani kati ya zile sita?
4. Tutaandika kipengele cha mzazi lini, na nani atakiandika?