Orodha ya Vyuo kwa Kijana wa Jamaa Isiyo na Mali



Katika miji mingi ya Marekani leo wamo ndugu zetu Waislamu wasemao Kiswahili: waliotoka Kongo na Burundi, waliotoka Tanzania na Kenya, na Wasomali Wabantu waliopita katika kambi za Dadaab na Kakuma. Wengi wao hufanya kazi za mikono, katika viwanda vya nyama, maghala na mahospitali, na mshahara wao haubakizi akiba. Watoto wao sasa wamefika darasa la mwisho la sekondari, nao hutakiwa waandike orodha ya vyuo watakavyoomba. Baba na mama hawakupita njia hii, basi aghalabu kijana huachiwa peke yake.

Twaona yafaa kulieleza jambo hili kinaganaga, maana orodha ikiandikwa vibaya, jamaa nzima huangukia mojawapo ya hasara tatu. Kijana hukubaliwa mahali asipoweza kulipa. Au huingia katika deni la riba. Au huyaacha masomo katikati, shahada hana na deni lipo.

BEI ILIYOANDIKWA NA BEI ITAKAYOLIPWA

Wazazi wengi huitazama kwanza bei iliyochapwa katika karatasi ya chuo. Vyuo vikuu vingi vya watu binafsi huandika gharama ya mwaka mmoja, yaani masomo, malazi na chakula, kupita dola 80,000, na vingine vimekwisha kupita dola 90,000. Mzazi apataye dola 38,000 kwa mwaka akiiona hesabu hiyo huikunja karatasi na kuiweka kando.

Hapo ndipo palipo siri ya mambo. Bei hiyo hulipwa na tajiri. Vyuo vikubwa vya kale, kama vile Harvard na Princeton, vina mali iliyowekwa mfano wa wakfu: asili hutunzwa, na faida yake hutumika katika kazi za chuo, nayo ni pamoja na kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Mwezi wa Machi 2025 chuo cha Harvard kilitangaza kwamba, kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, jamaa ipatayo dola 100,000 au pungufu kwa mwaka, ikiwa na mali ya kawaida, haitalipa kitu: si ada, si malazi, si chakula.

Na tupige hesabu ya kufanyia mfano. Tuseme jamaa ya watu sita yapata dola 38,000 kwa mwaka, na kijana wao amekubaliwa katika vyuo vitatu. Cha kwanza ni chuo tajiri cha watu binafsi: gharama dola 88,000, ruzuku dola 84,000, yabakia dola 4,000. Cha pili ni chuo cha serikali katika jimbo la mbali: gharama dola 54,000, ruzuku dola 9,000, yabakia dola 45,000, nayo yapita mapato yote ya baba. Cha tatu ni chuo cha serikali kilicho karibu na nyumbani, na kijana atalala kwao: ada na vitabu dola 13,000, ruzuku ya serikali kuu dola 7,395, ruzuku ya jimbo dola 4,000, yabakia dola 1,605. Basi chuo kilichoonekana ghali kuliko vyote kimekuwa nafuu, na kile kilichoonekana cha wastani ndicho kiwezacho kuivunja nyumba. Atakayeandika orodha sharti aandike ile bei ibakiayo baada ya ruzuku.

Bei hiyo yaweza kujulikana mapema. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani yavitaka vyuo vipokeavyo fedha za msaada wa serikali kuu kuweka katika tovuti zao chombo cha kukadiria gharama. Mzazi hujaza mapato yake na idadi ya watu wa nyumbani, naye huonyeshwa kadiri atakayolipa. Kazi hii haipiti nusu saa kwa chuo kimoja, wala haina malipo. Kadhalika serikali ina tovuti yake iitwayo College Scorecard, ionyeshayo kwa kila chuo kile wanacholipa wastani watu wenye mapato ya chini, na ni wangapi wanaomaliza.

Hofu ya bei imewanyima wengi riziki yao. Wataalamu wawili wa uchumi, Caroline Hoxby na Christopher Avery, walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi mno wa vijana maskini wenye alama za juu kabisa hawaombi hata chuo kimoja kikubwa, ingawa huko wangelipa pungufu. Tena huko Michigan, kuanzia mwaka 2015, Chuo Kikuu cha jimbo hilo kilicho Ann Arbor kiliwaandikia barua vijana hodari wa jamaa za mapato ya chini, kikiwaahidi masomo bila ada wakikubaliwa. Msaada wenyewe wengi wao wangeupata vilevile. Kilichozidi ni kuambiwa mapema na kwa yakini. Idadi ya walioomba na idadi ya walioingia zilipita mara mbili ya wenzao wasioandikiwa.

MAFUNGU MATATU

Orodha iliyo sawa huwa na vyuo saba hadi kumi, katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vyuo vya tegemeo, viwili au vitatu. Hapa zatakiwa yakini mbili pamoja: yakini ya kukubaliwa na yakini ya kulipa. Chuo kitakachomkubali kijana kwa hakika, lakini bei yake haifikiki, si tegemeo hata kidogo. Katika jimbo la Texas, ambako wako ndugu wengi kutoka Kongo, sheria ya mwaka 1997 humpa aliye katika sehemu ya kumi ya juu ya darasa lake haki ya kuingia vyuo vikuu vya serikali vya jimbo hilo, isipokuwa chuo kikuu cha Austin kichukuacho sehemu ndogo zaidi. Huko Tennessee, tangu mwaka 2015, amalizaye sekondari na kuyatimiza masharti huweza kusoma bila ada katika vyuo vya jamii na vya ufundi. Hata pasipo mpango kama huo, ada ya chuo cha jamii ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa wastani wa nchi, na baada ya miaka miwili kijana aweza kuhamia chuo kikuu. Wala pasiwe na aibu katika njia hii. Lakini aulize kwanza ni masomo gani yatakayohesabiwa atakapohama, asije akarudia aliyokwisha kuyasoma.

Fungu la pili ni vyuo vya kiasi chake, vitatu au vinne, ambamo alama zake zalingana na za wanaokubaliwa, na makadirio yaonyesha bei inayobebeka.

Fungu la tatu ni vyuo vya matumaini, viwili au vitatu. Harvard hukubali pungufu ya waombaji 5 katika 100, hata wenye alama timilifu hukataliwa. Basi kijana aombe, lakini asiiweke roho yake yote hapo. Katika fungu hili vimo vyuo visivyoutazama mfuko wa mwombaji wakati wa kumchagua, kisha humtimizia haja yake yote. Kipo pia chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, ambacho tangu mwaka 1892 hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo. Kila mmoja hufanya kazi chuoni saa kumi au zaidi kwa juma.

Katika mafungu yote atazame pia wanaomaliza. Kati ya wanafunzi kumi waingiao vyuo vya Marekani, kadiri ya wanne hawamalizi katika muda wa miaka sita. Kuingia kwa shangwe na kutoka mikono mitupu ni msiba wa jamaa nzima.

JAMBO LA RIBA

Kwetu sisi Waislamu orodha hii yapaswa kupimwa kwa mzani mwingine pia. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, uliotolewa katika mwaka wa masomo 2025-26, una riba ya asilimia 6.39, na ule anaokopa mzazi una riba ya asilimia 8.94. Hukumu ya mwenye dharura ni ya kuulizwa masheikh, nasi hatujitii katika fatwa. Lakini twasema hivi: aghalabu dharura hiyo huzaliwa na orodha mbaya. Aliyeomba vyuo vitano vya mbali kwa kupenda majina, mwezi wa Aprili hujikuta hana mlango ila wa mkopo. Na aliyeandika vyuo viwili vya tegemeo ana pa kugeukia.

Tena vipo vyuo vilivyoondoa mikopo katika msaada wao na kutia ruzuku mahali pake. Princeton kilitangulia mwaka 2001, na vingine vikafuata, kama Amherst, Davidson na Swarthmore. Upo pia mpango wa QuestBridge, ambao humwezesha kijana hodari wa jamaa maskini kupanga vyuo hadi 15 kwa daraja ya upendeleo wake, na akioanishwa na kimoja hupata gharama za miaka minne bila mkopo. Maombi yake hufungwa mapema, mwishoni mwa Septemba.

Barua ya msaada ijapo, isomwe kwa macho mawili. Vyuo vingi huandika mkopo chini ya neno “msaada”, pamoja na mshahara wa kazi ambayo kijana hajaifanya. Ofisi ya ukaguzi ya serikali, iitwayo GAO, ilieleza mwaka 2022 kwamba kadiri ya vyuo 91 katika 100 ama haviitaji bei halisi katika barua zao, ama huipunguza. Chukua kalamu, ukate mkopo, ukate kazi, uache ruzuku peke yake. Kisha uitoe katika gharama yote. Ikiwa msaada hautoshi, kiandikie chuo na kueleza hali yenu, kama baba amepoteza kazi au pana mgonjwa nyumbani. Kuomba wapitie upya ni haki yenu, wala si utovu wa adabu.

KAZI YA MZAZI

Mzazi asiseme kwamba hajui Kiingereza, basi jambo hili halimhusu. Karatasi za kodi na za mshahara ni zake, na bila hizo hapana msaada. Fomu ya serikali iitwayo FAFSA hufunguliwa Oktoba 1, nayo ni bure. Hapana haja ya kumlipa mtu ili aijaze. Fomu ya pili, CSS Profile, hutakiwa na baadhi ya vyuo, nayo ni bure kwa jamaa ya mapato yasiyozidi dola 100,000. Ada ya maombi husamehewa kwa asiye na uwezo. Kijana amwambie mshauri wa shule bila haya. Maombi ya mapema hufungwa mapema Novemba, mengi ya kawaida mapema Januari, na jibu la mwisho aghalabu hutakiwa Mei 1. Ahadi ya mapema imfungayo mwombaji kwa chuo kimoja isitiwe sahihi kabla ya makadirio ya bei kufanywa.

Kisha jamaa ikae barazani na kushauriana. Je, chuoni pana mahali pa kusali na chakula cha halali? Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimishwa kulala bwenini na kununua chakula cha chuo, hata kama kwao ni karibu? Ikiwa binti atakwenda mbali, nani wa kumtazama? Na mzazi anayetaka binti yake asome karibu, amwandikie chuo cha karibu kilicho kizuri. Asimfungie mlango wa elimu kwa hofu ya safari.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfunza bedui amfunge ngamia wake, ndipo amtegemee Mola wake. Orodha nzuri ndiyo kamba ya ngamia huyo. Ikiisha kuandikwa kwa hesabu na mashauri, kijana asali istikhara, apeleke maombi yake, kisha aridhike na atakachojaaliwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awakinge wazazi wao na deni lenye kuelemea. Amin.