Kwa nini bidoni tupu haizami

Wanafunzi wenzangu, sisi wote tunateka maji, basi tuanzie hapo. Bidoni ya lita 20 iliyojaa, ikiwa bado ndani ya mto, unaivuta na vidole viwili. Ukiitoa nje, mkono unauma. Ule uzito ulikuwa wapi?

Archimède, Mgiriki wa Syracuse, alijibu zaidi ya miaka 2200 iliyopita: maji husukuma kitu juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Bidoni inaondoa lita 20, ni kusema kilo 20, na maji yaliyo ndani yake ni kilo 20. Inabaki karibu sifuri.

Sasa mwaga maji, funga kifuniko, jaribu kuizamisha. Haikubali hata! Ina kilo 1 hivi, nayo inasukumwa na kilo 20. Sambaza naye, aliyeletwa Kivu toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ana bidoni yake: mfuko mdogo wa hewa tumboni.

Mashua ya chuma inaelea vilevile, kwa hewa iliyo ndani yake. Lakini kila mzigo unaishusha. Mtumbwi wenye upana wa meta za mraba 5 majini, mtu wa kilo 60 anauteremsha sentimeta 1.2. Watu 20, sentimeta 24. Kama ukingo ulikuwa sentimeta 25 juu ya maji, wimbi dogo tu linaingia, na kila lita inayoingia ni kilo nyingine.

Tena kuna kupinduka. Wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja na miti mirefu, haipinduki ovyo. Watu wengi wakisimama katika mashua, uzito unapanda juu. Wakikimbilia upande mmoja, inalala. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, toka Minova, ilizama karibu na Kituku, Goma, pwani ikionekana. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi.

Wako wenzetu wanaovuka kwenda Idjwi wakati wa likizo. Jile za kuelea zikikosekana, bidoni tupu iliyofungwa vizuri ni kitu. Mwili majini karibu hauna uzito. Kinachotaka kubebwa ni kichwa kilicho nje, kilo 5 hivi. Bidoni moja inaweza kushikilia wawili, hata watatu, wakikaa majini mpaka shingoni. Lakini mmoja akitaka kuipanda, kilo zake zinatoka majini, na zile 19 hazimtoshi hata yeye peke yake.