Bibi wa Jirani Anakula na Nani?

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Kagera, ukipiga hodi jioni utaitikiwa na sauti ya bibi peke yake. Mwanawe na mkwewe wamelala kaburini, pale pale mgombani. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, ulifyeka watu wa umri wa kati ukaacha wakongwe na watoto watunzane. Wajukuu wale nao wamekua, na wengi wamekwenda mijini kutafuta maisha.

Sisi akina mama hupenda kusema kwamba Mwafrika hatupi wazazi wake. Ni kweli, hatuwatupi; tunawatumia pesa kwa simu. Lakini pesa ya simu haichoti maji, wala haimkati mzee kucha.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee posho ya kila mwezi. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Fedha ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kilichotugusa zaidi huko Muleba ni vikundi vya wazee wenyewe, majirani wanaotembeleana na kusaidiana mmoja wao anapougua. Kama wakongwe wanaweza, je, sisi wenye nguvu?

Basi tukienda kumwona mzee, baada ya shikamoo tusikae tukingoja chai. Tutazame mafiga: majivu ya baridi yanaeleza mengi kuliko jibu la "hatujambo". Tumpe maji au uji mwepesi hata kama hakuomba, kwa kuwa mwili wa mzee hausikii kiu kama wa kijana. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, tusiseme amelogwa wala kwamba ni uzee tu. Huenda amepungukiwa maji, ana malaria, au ana maambukizo ya njia ya mkojo. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Tukague visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Katika ngozi yetu nyeusi kidonda kinachoanza si lazima kionekane chekundu. Pengine ngozi huwa nyeusi zaidi, ya moto au ngumu. Mahali hapo pasisuguliwe, na mgonjwa asilalie upande huo. Chombo cha haja ndogo kiwekwe karibu na kitanda, maana wazee wengi huvunjika nyonga wakienda chooni gizani.

Kuna jambo jingine, zito. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi katika miaka mingi ya kupikia watoto. Mara nyingi nyuma ya tuhuma za uchawi kuna shamba linalotamaniwa, na anayelengwa ni mjane anayeishi peke yake. Kwa maoni yetu, nyumba inayoingiwa na majirani kila siku ni vigumu kuizushia mambo. Tukisikia minong'ono kisimani kuhusu bibi fulani, tusinyamaze. Aambiwe mwenyekiti wa kijiji mapema.

Na mkamwana anayeuguza? Huyu husahaulika kabisa. Anaamka usiku mara tatu, asubuhi yuko shambani, halafu wifi akija kutoka mjini anauliza kwa nini shuka halikufuliwa! Kina mama wa jumuiya wanaweza kugawana siku, kila nyumba ikampokea kwa saa mbili au tatu. Kama mgonjwa ni baba mkwe, kumwogesha ni kazi ya wanaume, kwa hiyo waume zetu nao wapangiwe zamu. Saa mbili hizo zinamtosha mama huyo kumpeleka mtoto kliniki, au kulala tu.